Kutoka flaski hadi seli: utatuzi wa matatizo katika utafiti wa mekanizimu za mimenyuko na molekuli ndogo dhidi ya saratani

Matatizo yanayojadiliwa hapa ni yale yanayoletwa tena na tena na watafiti wanaofanya kazi mbili kwa pamoja: kuchunguza jinsi mmenyuko wa kemia ogania unavyokwenda hatua kwa hatua, na kutengeneza molekuli ndogo zinazotarajiwa kuzuia ukuaji wa seli za saratani. Yamepangwa kwa dalili, kwa sababu mtu aliye maabara huiona dalili kabla ya kujua chanzo chake. Chini ya kila dalili, sababu iliyo ya kawaida zaidi imetangulia na iliyo adimu imewekwa mwisho, na vipimo vyepesi vimewekwa mbele ya vile vinavyokula muda. Msimamo unaouongoza mwongozo huu ni kwamba chupa ishukiwe kabla ya nadharia, kwa kuwa mekanizimu nyingi za ajabu zilizowahi kupendekezwa, na dawa nyingi zilizotangazwa mapema, zilitokana na mtu kutojua kwa hakika ni nini kilichokuwamo ndani ya chombo chake.

Dalili: malighafi haibadiliki hata baada ya saa nyingi

Hakikisha kwanza kwamba mmenyuko kweli haujaanza. Kwenye bamba la TLC (kromatografia ya tabaka jembamba, inayotenganisha kampaundi juu ya silika) weka doa la malighafi, doa la mchanganyiko, na kati yao doa la tatu ambamo vyote viwili vimedondoshwa mahali pamoja. Zao lenye mwendo sawa na wa malighafi limewadanganya wengi, na mara nyingine kubadilisha kiyeyushi cha kuendeshea bamba kunatosha kuyatenganisha madoa. Kama shaka ingalipo, chukua matone machache, yasafishe kwa maji na kiyeyushi, kisha uyapime kwa NMR (mwitiko wa sumaku wa viini vya atomu, unaoonyesha muundo) au kwa spektromita ya masi, inayopima uzito wa molekuli.

Ikiwa malighafi ndiyo iliyopo peke yake, sababu ya kawaida kuliko zote ni kitendanishi kilichopungua nguvu. Butili-lithiamu na vitendanishi vya Grignard havina tabia ya kubaki kwenye ukolezi ulioandikwa kwenye lebo, hasa chupa ikiwa imefunguliwa mara nyingi, hivyo vipimwe kwa titresheni kabla ya kila kazi muhimu. Kichocheo cha tetrakisi(trifenilifosfini)paladiamu huwa na rangi ya manjano angavu. Kikigeuka kuwa cha kijani au kahawia, kimeshaguswa na oksijeni na hakifai kulaumiwa kwa kutofanya kazi.

Sababu ya pili ni maji. Kiyeyushi kilichoandikwa kuwa kikavu ni kikavu siku kilipofunguliwa tu. Chekecheo za molekuli za ukubwa wa 3 Å zilizopashwa hadi takriban 300 °C chini ya ombwe, kisha zikaachwa ndani ya tetrahidrofurani kwa saa 48 hadi 72, hukausha vizuri kuliko mbinu nyingi za zamani, bila hatari ya kuchemsha sodiamu. Anayeweza kupima maji kwa titresheni ya Karl Fischer apime badala ya kukisia.

Sababu zinazofuata ni halijoto na mpangilio wa kuongeza vitendanishi. Kipimajoto kilichomo kwenye bafu la mafuta hueleza habari za mafuta, wala hakielezi kilichomo ndani ya flaski. Tofauti ya nyuzi kumi si ya kushangaza. Ni mara chache tu ambapo tatizo ni kwamba mmenyuko wenyewe hauwezekani kwa malighafi ile, na hitimisho hilo lisifikiwe kabla ya kufanya jaribio la udhibiti: rudia mmenyuko uleule kwa malighafi ambayo tayari inajulikana kufanya kazi, kwa chupa zilezile, siku ileile. Jaribio hilo likishindwa, tatizo liko kwenye chupa. Likifaulu, tatizo liko kwenye molekuli yako.

Hapa pana onyo la kwanza. Usijaribu kuuamsha mmenyuko uliolala kwa kuongeza joto na kitendanishi kwa pamoja. Grignard iliyochelewa kuanza ikija kuanza huku halidi yote imeshaingia, joto lake hutoka kwa mkupuo. Hidridi ya sodiamu iliyochanganywa na dimethilifomamidi au dimethilisulfoksidi inaweza kuchacharika yenyewe na kulipuka, hasa ikipashwa joto au ikifanywa kwa kiasi kikubwa, na azidi ya sodiamu isikutanishwe kamwe na dikloromethani, kwa sababu diazidomethani inayoweza kuzaliwa humo ni kilipuzi. Ukiona halijoto ya ndani inapanda baada ya wewe kuondoa chanzo cha joto, shusha kioo cha kabati la kuvuta mvuke, ondoka, na mwite msimamizi wa usalama wa maabara. Mmenyuko unaopanda joto wenyewe hautulizwi na mtu aliyesimama mbele yake.

Dalili: malighafi imekwisha, lakini zao ni dogo na madoa ni mengi

Wengi hudhani mmenyuko umeharibika ndani ya flaski, ilhali umeharibika kwenye silika. Jeli ya silika, inayotumika kwenye bamba na kwenye safu ya kusafishia zao, ina uasidi wa kutosha kuvunja asetali, etha za silili na kampaundi nyingi nyinginezo. Kipimo chake ni rahisi na hakigharimu kitu: endesha bamba la mraba upande mmoja, likaushe, ligeuze kwa nyuzi 90, kisha liendeshe tena kwa kiyeyushi kilekile. Kampaundi inayostahimili silika itakaa kwenye mshazari; doa lolote lililo nje ya mshazari ni zao la uharibifu lililozaliwa juu ya bamba. Ukiliona, ongeza trietilamini kidogo, kama asilimia 1, kwenye kiyeyushi cha safu, au tumia alumina, au tafuta namna ya kufuwelisha bila safu.

Ikiwa bamba halina lawama, fuatilia mmenyuko kwa sampuli za mapema. Zao linaloonekana baada ya dakika kumi na kupotea baada ya saa mbili linaliwa na mmenyuko wa pili, na dawa yake ni kusimamisha mapema au kushusha halijoto. Baada ya hapo fikiria oksijeni. Miunganisho ya vipande viwili vinavyofanana, ambayo huonekana sana katika mimenyuko ya asidi za boroni, mara nyingi ni dalili kwamba hewa iliingia. Kupuliza argoni ndani ya kiyeyushi kwa nusu saa huwa kunatosha. Kusipotosha, gandisha, vuta ombwe, yeyusha, na urudie mara tatu.

Dalili: mmenyuko hufanya kazi kwa chupa moja na kukataa kwa nyingine

Dalili hii haistahili kupuuzwa hata kidogo, kwa sababu ndani yake ndimo mlimojificha baadhi ya makosa makubwa ya taaluma hii. Chanzo chake cha kawaida ni uchafu wa metali ambao hakuna aliyeuweka kwa makusudi. Mwaka 2003 kundi la Nicholas Leadbeater lilitangaza muunganiko wa Suzuki (mmenyuko unaounganisha asidi ya boroni na halidi, kwa kawaida kwa kichocheo cha paladiamu) usiohitaji metali. Mwaka 2005 kundi hilohilo likaonyesha kwamba kabonati ya sodiamu iliyotumika ilikuwa na paladiamu kwa kiwango cha sehemu 50 katika bilioni, na kiwango hicho kilitosha. Mwaka 2009 Stephen Buchwald na Carsten Bolm walionyesha kwamba mimenyuko kadhaa iliyodhaniwa kuchochewa na kloridi ya chuma iliathiriwa mno na mabaki ya shaba yaliyomo ndani ya chumvi hiyo ya chuma. Ni vema kuikumbuka mifano hii kila mtu anapokuja na habari za mmenyuko usio na metali.

Kagua kwanza sumaku ya kukorogea. Uso wake wa tefloni hupata mikwaruzo, nayo mikwaruzo hubeba paladiamu kutoka kwa mtumiaji aliyetangulia. Rudia mmenyuko kwa sumaku mpya na flaski mpya. Kisha nunua chumvi yenye usafi wa juu zaidi kutoka chanzo kingine na ulinganishe. Hatua ya tatu ni ya makusudi: ongeza kiasi kidogo sana cha metali unayoishuku, kwa mfano oksidi ya shaba kwa kiwango cha sehemu chache katika milioni, uone kama kasi inarudi. Mwisho kabisa, peleka vitendanishi vyote vikapimwe kwa ICP-MS, spektromita inayopima metali kwa viwango vidogo sana. Kazi hii haifai kubahatishwa. Mwachie mtaalamu wa uchambuzi wa metali, kwa sababu hata asidi inayotumika kuyeyusha sampuli inaweza kuleta uchafu wake.

Dalili: vipimo vya mekanizimu vinapingana

Hapa ndipo penye utajiri wa makosa, na makosa yenyewe mara nyingi si ya mikono. Ni ya tafsiri.

Tuanze na athari ya isotopu. Mtafiti hulinganisha kasi ya malighafi yenye haidrojeni na ya ile yenye deuteri (haidrojeni nzito), hupata uwiano wa 3 au 4, na huandika kwamba kuvunjika kwa kifungo cha kaboni na haidrojeni ndiyo hatua inayoamua kasi. Kabla ya kuandika hivyo, ajiulize namba hiyo imetoka kwenye jaribio la aina gani. Kama malighafi zote mbili ziliwekwa kwenye flaski moja zikashindana, uwiano unaeleza tu kwamba kifungo kilivunjika katika hatua inayochagua ni molekuli ipi iendelee. Hatua inayoamua kasi inaweza kuwa imekwisha kupita bila kukigusa kifungo hicho. Eric Simmons na John Hartwig waliliweka wazi jambo hili mwaka 2012, na bado linaendelea kukosewa. Kasi zipimwe katika flaski mbili tofauti. Namba zikipingana, yaani ushindani ukitoa uwiano mkubwa na flaski mbili zikitoa uwiano unaokaribia 1, hakuna kilichoharibika: data inakuambia kwamba kifungo huvunjika baada ya hatua inayoamua kasi.

Ikiwa uwiano ni kati ya 1.2 na 2, usiujengee nyumba. Athari za upili na makosa ya upimaji huweza kufika huko. Ikiwa umevuka 7 kwenye 25 °C, fikiria upenyaji wa kikwantumu, lakini baada ya kuhakikisha kwamba deuteri haikupotea njiani. Ukaguzi wake ni mwepesi: simamisha mmenyuko katikati, rudisha malighafi iliyobaki, na upime kwa NMR kama deuteri ingali mahali pake. Ubadilishanaji wa haidrojeni na deuteri kupitia maji au alkoholi huharibu namba yoyote, hata iwe imepimwa kwa uangalifu namna gani.

La pili ni kipimo cha radikali huru. TEMPO, radikali tulivu inayonasa radikali nyingine, ikiongezwa na mmenyuko ukasimama, hitimisho la haraka ni kwamba njia ni ya radikali. Hitimisho hilo ni dhaifu. TEMPO huweza kukioksidisha au kukishika kichocheo cha metali, na hivyo kuusimamisha mmenyuko usio na radikali hata moja. Ushahidi wenye uzito zaidi ni saa ya radikali: pandikiza pete ya siklopropani karibu na mahali radikali inapotarajiwa. Radikali ya siklopropilimethili hufunguka kwa kasi ya takriban 10⁸ kwa sekunde kwenye halijoto ya kawaida, hivyo pete iliyofunguka ni dalili njema ya radikali, ingawa kabokatayoni nayo huweza kuifungua pete hiyo, kwa hiyo muundo wa zao usomwe kwa makini. Pete iliyobaki nzima haithibitishi kutokuwapo kwa radikali. Inathibitisha tu kwamba kama ilikuwapo, haikuishi kwa muda wa kutosha.

La tatu ni mchoro wa kasi usionyooka. Mchoro unaoanza polepole kisha ukaongeza kasi huonyesha kwamba kichocheo halisi bado kinazaliwa kutoka kile ulichokiweka, au kwamba zao lenyewe linachochea. Mchoro unaoanza vizuri kisha ukafifia kabla ya wakati una maelezo mawili makuu: kichocheo kinakufa, au zao linakizuia. Kuyatenganisha maelezo hayo ni kazi ya jaribio la ziada sawa, ambalo Donna Blackmond alilieleza kwa upana mwaka 2005. Unaanzisha mmenyuko wa pili kwa ukolezi ule ambao mmenyuko wa kwanza ulikuwa nao ulipofika nusu ya njia, ukihifadhi tofauti ileile kati ya vitendanishi viwili. Kama michoro miwili inalala mmoja juu ya mwingine baada ya kusogezwa kwenye mhimili wa muda, kichocheo kiko salama na zao halizuii. Kama hailali, rudia ukiwa umeongeza zao tangu mwanzo. Ikilala sasa, zao ndilo mzuiaji. Isipolala, kichocheo kinakufa.

Mahesabu ya kompyuta nayo huingia katika ugomvi huu. Kizuizi cha nishati huru cha takriban kilokalori 23 kwa moli kwenye 25 °C kinalingana na nusu-uhai wa saa mbili hivi, na kila kosa la kilokalori 1.4 hubadilisha kasi mara kumi. Kwa hiyo hesabu inayotoa 35 kwa mmenyuko unaomalizika ndani ya saa moja kwenye halijoto ya chumba inakuambia kwamba umekokotoa njia isiyo yenyewe. Hakikisha hali ya mpito (umbo la kilele cha kizuizi cha nishati) ina masafa moja tu ya kufikirika na kwamba ukiifuata kila upande inafika kwenye malighafi na zao ulizozikusudia. Zaidi ya hapo, keti na mtaalamu wa kemia ya kikokotozi kabla ya kuchapisha, kwa sababu picha nzuri ya hali ya mpito huwashawishi wasomaji kuliko inavyostahili.

Dalili: spektra haifanani na muundo, au inafanana kupita kiasi

Kilele kisichotarajiwa kwenye NMR ya haidrojeni kwa kawaida ni kiyeyushi. Katika kloroformu yenye deuteri, maji hukaa karibu na 1.56 ppm, asetati ya ethili karibu na 4.12, 2.05 na 1.26, na grisi ya viungo vya vioo karibu na 1.26 na 0.88. Katika dimethilisulfoksidi yenye deuteri maji huhamia 3.33, na hilo pekee limefunika vilele vingi vya kweli.

Vilele vilivyojigawa mara mbili mara nyingi huwa ni rotama, yaani maumbo mawili ya molekuli ileile yanayobadilishana polepole, hasa kwenye amidi na kabamati. Pasha sampuli hadi 80 °C ndani ya dimethilisulfoksidi: vilele vya rotama huungana, vya mchanganyiko wa kampaundi mbili hubaki mbalimbali. Ukiona vilele vya amini vimehama tangu mara ya mwisho, uliza kama safari hii kampaundi imetoka kwenye HPLC (kromatografia ya kimiminika ya shinikizo kubwa) yenye asidi ya trifluoroasetiki, kwa sababu chumvi na besi huru havitoi spektra moja. Habari hiyo itakuhusu tena utakapofika kwenye seli: mtu aliyepima miligramu za chumvi akidhani ni besi huru ameshakosea kipimo cha dawa kabla hajaanza.

Tatizo zito zaidi ni spektra inayoonekana sahihi kwa muundo usio sahihi. Spektromita ya masi haiwezi peke yake kutenganisha isoma, na historia ya dawa za saratani ina mifano miwili ambayo kila mtafiti anapaswa kuijua. Mwaka 2012 ilibainika kwamba baadhi ya wauzaji wa kemikali walikuwa wakiuza, kwa jina la bosutinibu, isoma ambayo klorini na kundi la methoksi vilikuwa vimekaa mahali pasipo pake kwenye pete ya anilini. Bosutinibu halisi ina haidrojeni mbili zisizofanana kwenye pete hiyo. Isoma ile ina ulinganifu, hivyo haidrojeni mbili hutoa kilele kimoja. Mtu yeyote aliyeiangalia NMR kwa utulivu angeliona jambo hilo, lakini kwa kuwa kampaundi ilinunuliwa, wengi hawakuiangalia. Mwaka 2014 kundi la Kim Janda likaonyesha kwamba muundo uliochapishwa wa TIC10, unaojulikana pia kama ONC201, ulikuwa wa mstari, ilhali kampaundi yenye nguvu dhidi ya saratani ni isoma iliyojipinda. Isoma ya mstari haikuwa na nguvu hiyo.

Kwa hiyo kampaundi iliyonunuliwa ipimwe NMR kama iliyotengenezwa. Pale ambapo pete za heterosaikli zinaweza kufungika kwa njia mbili, vipimo vya HMBC na NOESY (aina za NMR zinazoonyesha atomu zipi zimeunganishwa au ziko karibu) vifanyike, na fuwele ikipatikana, mionzi ya X ndiyo itakayokata shauri. Usijaribu kutatua fuwele ngumu mwenyewe kwa kubonyeza vitufe vya programu. Mpe mtaalamu wa kristalografia, na umweleze pia miundo mingine unayoishuku, si ule tu unaoutaka.

Dalili: IC50 inabadilika kila wiki

IC50 ni ukolezi wa kampaundi unaopunguza ukuaji wa seli, au kazi ya kimeng'enya, kwa nusu. Anza na chupa ya DMSO ambamo kampaundi imeyeyushwa. Dimethilisulfoksidi hunyonya maji kutoka hewani, na kila mara inapogandishwa na kuyeyushwa, kampaundi isiyopenda maji huweza kujitenga na kutuama chini. Tazama chupa kwenye mwanga, ipashe joto kidogo, itikise, na upime ukolezi wake kwa HPLC. Gawa mmumunyo huo wa akiba katika vichupa vidogo vya kutumika mara moja. Kisha tazama kwenye hadubini visima vya ukolezi wa juu: sindano ndogo au chembe zinazong'aa humaanisha kwamba kampaundi haikuyeyuka kwenye kiowevu cha kukuzia, na namba zote za juu ya hapo hazina maana. Ukolezi wa mwisho wa DMSO uwe uleule katika visima vyote, pamoja na vya udhibiti, na usizidi asilimia 0.5, 0.1 ni salama zaidi.

Kuna kampaundi ambazo DMSO yenyewe huzibadilisha. Sisiplatini ni mfano unaojulikana: salfa ya DMSO hushika platinamu, ikang'oa kloridi, na dawa hupoteza nguvu. Iyeyushwe kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Mwanakemia anayejua mekanizimu ya ubadilishanaji wa ligandi angelitarajia hilo bila kuambiwa, lakini sisiplatini bado hutumiwa kama udhibiti chanya ikiwa ndani ya DMSO.

Baada ya kampaundi, kagua seli zenyewe. Idadi ya seli zilizopandwa, siku walizokaa, asilimia ya seramu, na mara ambazo ukoo umegawanywa vyote husogeza IC50. Visima vya ukingoni hukauka haraka kuliko vya katikati, hivyo vijazwe kiowevu kitupu. Kisha pima maikoplazima, bakteria wadogo wanaochafua seli za maabara, kwa PCR (njia ya kuzidisha DNA). Bakteria hawa hawana ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini iliyomo kwenye kiowevu haiwadhuru, na hawaonekani kwa hadubini ya kawaida. Mwisho, thibitisha utambulisho wa ukoo wa seli kwa alama za STR, yaani vipande vya DNA vinavyojirudia. Ukoo wa MDA-MB-435 ulitumika kwa miaka mingi kama saratani ya matiti kabla ya kubainika kwamba ni melanoma ya M14.

Maikoplazima wakipatikana, simama. Usiwatibu kwa siri huku ukiendelea kukusanya data. Tangaza kwa wote wanaotumia kabati lilelile, na mwachie msimamizi wa maabara ya seli uamuzi wa kutupa au kutibu.

Kama kampaundi yako hufunga kifungo cha kovalenti, kwa mfano akrilamidi inayoshika sisteini kama wanavyofanya ibrutinibu kwenye sisteini 481 ya BTK na osimertinibu kwenye sisteini 797 ya EGFR, basi kubadilika kwa IC50 kulingana na muda ni tabia yake ya asili. Acha kuripoti namba moja. Pima kasi ya ufungaji na uripoti uwiano wa kinact (kasi ya juu ya kufunga kifungo) kwa KI (ukolezi unaofikia nusu ya kasi hiyo).

Dalili: karibu kila kampaundi inaonekana kuwa na nguvu

Furaha ya kwanza izuiwe. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba kampaundi inaingilia kipimo. Katika kipimo cha MTT, rangi inayogeuzwa zambarau na seli hai, kampaundi zenye thayoli, katekoli au polifenoli huweza kuigeuza MTT kuwa zambarau zenyewe bila seli yoyote, na zenye rangi hufyonza mwanga karibu na nanomita 570. Visima visivyo na seli vyenye kampaundi na MTT peke yake hufichua jambo hilo kwa saa chache. Rudia pia kwa njia isiyohusiana, kama vile kuhesabu seli moja kwa moja.

Katika vipimo vya vimeng'enya, mshukiwa wa kwanza ni mkusanyiko wa molekuli kuwa chembe zinazonasa protini. Ongeza Triton X-100 kwa asilimia 0.01, nguvu ikipotea, ulikuwa ukipima chembe. Usifanye hivyo kwenye seli hai, kwani sabuni hiyo huziua. Mshukiwa wa pili ni kampaundi za kwinoni ambazo, zikikutana na DTT (kipunguzi chenye thayoli) ndani ya bafa, huzalisha peroksidi ya haidrojeni. Ongeza katalasi, kimeng'enya kinachovunja peroksidi hiyo, uone. Rodanini, katekoli na makundi mengine yaliyoorodheshwa na Jonathan Baell na Georgina Holloway mwaka 2010 chini ya jina la PAINS (kampaundi zinazosumbua vipimo vingi) yastahili vipimo hivi kabla ya kupewa wiki moja zaidi ya kazi. Orodha hiyo ni onyo. Haitoi hukumu, nami sikubaliani na wanaoitupa kampaundi kwa sababu tu programu imeipaka rangi nyekundu.

Sababu adimu lakini ya kweli ni mabaki ya paladiamu, shaba au zinki kutoka kwenye usanisi. Ikiwa kampaundi zote zenye nguvu zimepitia hatua ileile ya metali, zisafishe kwa resini ya kunasa metali na uzipime upya.

Kampaundi inayoua seli za aina zote kwa viwango vidogo sana ina uwezekano mkubwa wa kumdhuru anayeishika. Usipime unga wake mezani. Nitrojeni-mastadi, nitrosourea na alkilishi zote zishughulikiwe ndani ya kabati maalumu kwa glavu mbili, na kabla ya kuzitengeneza kwa zaidi ya miligramu, mpango uidhinishwe na ofisi ya usalama.

Dalili: kimeng'enya kinazuiwa, seli haziguswi

Kwa kawaida kampaundi haipenyi utando, hasa ikiwa na chaji au makundi mengi ya kutoa haidrojeni. Inayofuata ni kushikwa na protini za seramu, halafu kusukumwa nje na pampu za seli, halafu kuvunjwa na vimeng'enya vya seli. Punguza seramu, ongeza kizuizi cha pampu, na pima kiasi kilichoingia ndani ya seli kwa LC-MS (kromatografia iliyounganishwa na spektromita ya masi). Ikiwa muundo ulichaguliwa kwa upachikaji wa kompyuta, yaani programu inayokisia jinsi molekuli inavyokaa ndani ya protini, rudi na uone kama programu iliweza kuirudisha ligandi ya fuwele mahali pake kwa kosa lisilozidi 2 Å. Isipoweza, alama zake za juu hazikuwa na msingi.

Dalili: seli zinakufa, lakini shabaha haihusiki

Hili ndilo swali ambalo huahirishwa hadi gharama yake inapokuwa kubwa. Iniparibu iliendelezwa kama kizuizi cha PARP, kimeng'enya kinachosaidia kukarabati DNA. Ilishindwa katika jaribio kubwa la awamu ya tatu mwaka 2011, na kazi zilizofuata zikaonyesha kwamba haikuwa ikizuia PARP kwa namna iliyodhaniwa. Mwaka 2019 kundi la Jason Sheltzer lilitumia CRISPR, mbinu ya kuhariri jeni, kuondoa shabaha za dawa kadhaa zilizokuwa kwenye majaribio ya kitabibu, na seli zisizo na shabaha ziliendelea kuuawa na dawa zilezile. Mojawapo, OTS964, iliyodaiwa kulenga protini nyingine, ilibainika kuwa inalenga CDK11.

Kipimo chepesi cha kuanzia ni kampaundi pacha isiyo na nguvu: tengeneza kampaundi inayofanana na yako ila imeondolewa kundi linaloshika shabaha. Ikiua seli sawasawa na yako, shabaha haihusiki. Baada ya hapo, ondoa jeni ya shabaha kwa CRISPR, au weka badiliko linalozuia kampaundi kushika, mfano kubadilisha sisteini kuwa serini kwa vizuizi vya kovalenti, na ulinganishe IC50. Kwa kampaundi isiyojulikana shabaha, kuza seli sugu na usome jenomu zao. Mabadiliko yanayojirudia kwenye jeni moja katika koo sugu zilizokuzwa mbalimbali ni ushahidi wenye nguvu. Kazi hii inahitaji mwanabiolojia wa jenetiki tangu siku ya kupanga, si siku ya kuandika makala.

Hadi vipimo hivi vifanyike, kampaundi isipelekwe kwa wanyama. Hata vikifaulu, majaribio ya wanyama yasianze bila kibali cha kamati ya maadili, na maombi ya wagonjwa au ndugu zao wanaotaka kupewa kampaundi kutoka maabara yakataliwe bila ubaguzi na kuelekezwa kwa daktari wa saratani, hata kama IC50 ni ya nanomola.